Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi: Kambi za mateka wa Kiitaliano hazina kinga ya sheria

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Turathi,
Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tunaofuatilia historia ya vita na uhifadhi wa majengo ya zamani. Tunakuomba utangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali maeneo ya kambi walimofungwa mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kabla tingatinga hazijamaliza kilichobaki.

Shida inaanzia kwenye tarehe. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inayatazama kama ya kale yale yaliyotangulia mwaka 1895. Kambi hizi zilianza 1941. Mwenye shamba akivunja sakafu ya bweni la mateka leo ili apande viazi, hajavunja sheria ya turathi. Dawa imo ndani ya sheria hiyohiyo: kifungu cha 25 kinakuruhusu, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, kutangaza mahali au jengo la umri wowote lenye thamani ya kihistoria, pamoja na ardhi inayolizunguka. Anayepinga hupewa miezi miwili kuwasilisha pingamizi. Hakuna mswada unaohitajika.

Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia uliokuwa mikononi mwa Italia, ilianguka kwa majeshi ya Uingereza tarehe 6 Aprili 1941. Mwezi uliofuata Amedeo, Mtemi wa Aosta na mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki, akasalimu amri kwenye mlima wa Amba Alagi, na mji wa Gondar ukafuata tarehe 27 Novemba. Koloni la Kenya likabebeshwa makumi ya maelfu ya wanaume wa kulishwa, kutibiwa na kulindwa. Kambi ziliwekwa panapofikika kwa reli: Naivasha, Gilgil, Londiani, Eldoret, Nyeri, Nanyuki, na nyinginezo karibu na Nairobi. Mtemi mwenyewe alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka, na amezikwa Nyeri.

Ukitaka kujua kwa nini kambi hazifanani, soma Mkataba wa Geneva wa 1929. Askari wa kawaida aliweza kulazimishwa kazi, mradi kazi hiyo isiwe na uhusiano wa moja kwa moja na mapigano, na apumzike saa 24 mfululizo kila wiki. Sajini alilazimishwa kusimamia tu. Afisa hakulazimishwa lolote. Kwa hiyo mabaki ya kazi za askari yako nje ya seng'enge kama yalivyo ndani: barabara, kuta, madaraja. Kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa 1942 na mateka waliokuwa wakitengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, ndilo shahidi anayeonekana zaidi. Kambi waliyolala wajenzi wake haina hata kibao.

Wasiokuwa na kazi walikuwa na adui mwingine, yaani uvivu wa kulazimishwa. Kambi namba 354 ya Nanyuki inatajwa ulimwenguni kwa sababu ya Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliotoroka tarehe 24 Januari 1943 ili waukwee Mlima Kenya. Ufunguo wa lango la bustani ya mboga waliunakili kwa kuugandamiza kwenye kipande cha lami. Miiba ya viatu vya barafu ilitengenezwa kwa vyuma chakavu, kamba zikatokana na nyavu za katani za vitanda, na picha ya mlima ikatolewa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Wakahukumiwa siku 28 za kifungo, wakatumikia saba. Mtalii anayekuja Nanyuki akitafuta kambi hiyo hana pa kuelekezwa.

Sasa kazi yenyewe. Upimaji ufanywe Januari na Februari, nyasi zikiwa fupi na mvua za masika hazijafika. Sakafu ya simiti iliyofunikwa na udongo mwembamba hukausha nyasi mapema, na mstari wa bweni huonekana kwa macho. Kwanza zitazamwe picha za angani zilizopigwa miaka michache baada ya vita, kisha ndipo watu waende shambani. Simu isitegemewe kupima: hukosea mita tatu hadi tano, na kosa hilo linatosha kuliweka bweni moja mahali pa jirani yake. Chagua nguzo mbili zisizohama, vuta tepu kutoka kila moja hadi kila pembe ya sakafu, andika vipimo vyote viwili. Mashimo ya vyoo na jaa la jikoni yasichimbwe kwa pupa. Mkebe uliotolewa ardhini bila kuandikwa ulikuwa wapi na kina gani ni chuma chakavu tu.

Kosa linalotuudhi zaidi hufanywa kwa nia njema. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa unapasuka, mtu mkarimu analeta mfuko wa simiti. Simiti ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu; maji yanayonaswa nyuma yake hutokea kwenye jiwe, nalo linabanduka tabaka kwa tabaka. Nyufa zizibwe kwa chokaa na mchanga, sehemu moja kwa tatu. Maandishi yaliyochongwa yasisuguliwe kwa asidi wala brashi ya waya.

Kumbukumbu za karatasi zipo, ila zimetawanyika. Shirika la Msalaba Mwekundu mjini Geneva lina kadi za mateka, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew nchini Uingereza ina shajara za vikosi, na Roma ina nyaraka za jeshi la Italia. Nakala za kidijitali ziombwe kwa barua rasmi kutoka ofisi yako, kwa sababu mtafiti mmojammoja hujibiwa polepole au hajibiwi. Orodha za makaburi zianze Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu, ambako mabaki ya waliokuwa wamezikwa kambi mbalimbali yalikusanywa. Ila tusiishie kwa Waitaliano. Askari Waafrika waliolinda malango na vibarua waliochota maji na kupasua kuni hawamo kwenye kibao chochote tulichowahi kukisoma, na wajukuu wao wangali wanaishi pembezoni mwa mashamba hayo.

La haraka ni barabara. Upanuzi wa njia ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha unapita mteremko uleule walioufanyia kazi mateka. Tunaomba mkandarasi aagizwe kwa maandishi aweke uzio kuzunguka kanisa, asiegeshe mitambo wala kumwaga vifusi upande wa juu wake, na asimamishe kuchimba mara anapokutana na ukuta wa kuegemeza wa mawe, hadi mtaalamu wa Makumbusho aupime na kuupiga picha.

Wako watiifu,
Watafiti na mafundi wa uhifadhi