Barua ya wazi kwa mdogo wangu: punguza leza

Mdogo wangu,

Salamu tutapeana kwenye simu. Umeuliza kwa nini viinitete vyako vinakwama kwenye seli mbili na picha zinafifia. Unavimulika mno kwa leza ya hadubini.

Lakini tuanzie mezani. Chukua mnyoo mpevu wa C. elegans (yule mnyoo mdogo wa maabara) aliyejaa mayai, wa ile aina iliyotiwa GFP, protini inayong'aa kijani ikimulikwa, kwenye histoni H2B. DNA hujiviringisha kwenye histoni, kwa hiyo histoni iking'aa, kromosomu nzima inaonekana. Mweke kwenye tone la M9 (maji ya chumvi ya maabara), mkate katikati kwa sindano mbili, mayai yatatoka. Maji matupu usithubutu: yai ambalo ganda lake halijakomaa litavimba lipasuke. Yasogeze kwa unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti (hakuna kifaa cha dukani kinachoushinda) hadi juu ya pedi ya agarosi (jeli ya mwani) ya asilimia 2. Pedi itengeneze kwa kubana agarosi ya moto kati ya slaidi, pembeni ukiweka slaidi mbili zenye tepu; unene wa tepu ndio unene wa pedi. Funika taratibu, ziba kingo kwa Vaseline isikauke.

Sasa leza, ya nanomita 488. Kiinitete kina urefu wa mikromita 50 hivi, hakihitaji matabaka 40, yaani picha 40 za vina tofauti. Piga matabaka 5, kila moja mikromita 2 kutoka jenzake, kila baada ya sekunde 20. Nguvu ishushe mpaka picha ianze kuwa na chengachenga, uishie hapo. Picha ya kupendeza ndiyo inayoua kiinitete.

GFP ikiwa hafifu tangu mwanzo, usiongeze leza. GFP hiyo imewekwa na mama ndani ya yai, na jeni hizi za kupachikwa hunyamazishwa kwenye ovari. Wakuze minyoo mama kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi kwanza.

Viini viwili, cha yai na cha mbegu, vitakutana, vitasogea katikati, kisha kromosomu 12 zitajipanga mstari mmoja. Mnyoo huyu hana sentromea (mahali nyuzi za kuvuta zinaposhika kromosomu) ya sehemu moja. Nyuzi hushika kromosomu urefu wake wote, ndiyo maana zikiachana unaona vijiti viwili sambamba, si herufi V. Uzi mwembamba wa kromosomu ukibaki kati ya vijiti, hapo kuna hitilafu ya kweli. Baadaye, kiinitete kikiwa na seli mbili, ya mbele (AB) itatangulia ya nyuma (P1) kugawanyika kwa dakika mbili hivi. Pengo likirefuka sana, shuku leza kabla ya jeni.

Na kila slaidi iachie kiinitete kimoja pembeni ambacho leza haikukigusa. Kesho asubuhi kikianguliwa na chako kisianguliwe, usinipigie simu kuuliza kuhusu agarosi.