Punguza Sauti Kwanza

Mwanangu,

Dada yako kaniambia usiku masikio yanakuvuma. Kwa nini nisikie kwake? Juzi kwenye simu ulisema u mzima.

Ni hizo hedifoni. Ulizianza nilipopangiwa zamu ya usiku, mchana nataka kulala na spika zako zinanguruma sebuleni. Siku ile nilifoka kupita kiasi.

Kwenye mzigo aliokuletea mjomba wako mna swichi ya kusukuma yenye miguu sita, ya kuhamisha sauti kati ya spika na hedifoni, nimeifunga ndani ya soksi. Lehemu mwenyewe, mkono wako umetulia kuliko wangu. Miguu miwili ya kati inapokea sauti ya kompyuta, kushoto na kulia. Jozi ya upande mmoja iende kwenye spika, ya upande wa pili kwenye hedifoni. Ethi, ule waya wa pamoja wa kushoto na kulia, haipiti kwenye swichi; ya kompyuta, ya spika na ya hedifoni, zote tatu ziunge pamoja. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Wenzako wa chumbani wakitoka, sukuma upande wa spika masikio yapumzike.

Lakini punguza sauti kwanza. Spika hizo zina kitufe chao cha sauti. Kama umezishusha hapo huku kompyuta iko juu kabisa, ukihamia hedifoni sauti yote inakupasukia sikioni. Punguza, sukuma, ndipo uvae. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya ukubwa wa desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 89 unabaki na saa 5 kwa wiki nzima. Wewe saa 5 unazimaliza usiku mmoja, nakujua.

Usifunge swichi hii kwenye amplifaya. Ziko ambazo waya hasi wa kushoto na wa kulia si ethi, ukiziunga pamoja inaungua. Ile yetu haikuunguzwa na umeme, kama nilivyomwambia mama yako.

Jirani bado anasifia redio uliyomtengenezea, nami nakaa kimya nikisikiliza. Paa la jiko tumeziba, ila mlango wa banda umeoza na kuku wawili wameliwa na kicheche. Ada iliyobaki nitatuma mshahara ukitoka.

Nenda hospitali wakupime masikio wiki hii. Majibu nipigie mimi, usimpe dada yako aniletee. Na hiyo sauti, punguza kwanza.

Baba yako