Mwanangu, gari uliendee likiwa baridi

Malindi, Jumatano usiku

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Nduguyo ameniambia Jumamosi unakwenda kuangalia gari, na kwamba muuzaji amejitolea kuja kukuchukua kwa gari hilo hilo analouza. Mkatalie. Akifika kwako giaboksi imeshapata moto, na nusu ya unayotaka kuyajua imeshafichika. Nenda wewe kwake, alfajiri, na kabla hujaamkia watu weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta vuguvugu, rudi siku nyingine.

Uliponiuliza kwa simu uchukue otomatiki au manyuali, yaani gari la klachi na gia za mkono, nilikujibu kwa mkato kwa sababu dukani palikuwa na watu. Sasa nakujibu sawasawa. Kwa safari yako ya Mtwapa mpaka mjini na kurudi, chukua otomatiki. Asubuhi kutoka Bamburi mpaka daraja la Nyali gari husogea hatua mbili likasimama, likasogea tena. Kwenye msongamano ule manyuali huendeshwa kwa klachi iliyonyanyuliwa nusu, na hapo ndipo klachi inaposagika: pleti inateleza juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inapata moto, kitambaa chake kinaisha. Pitisha kidole kwenye pleti iliyokwisha, utahisi vichwa vya ribiti vimekuja sawa na kitambaa. Zikianza kuikwaruza flaiwili, hununui tena pleti, presha pleti na beringi peke yake. Flaiwili nayo inataka kwenda kwa fundi wa mashine.

Lakini usiseme tena manyuali ni gari la wazee. Ungekuwa wa kupanda Garsen na Witu mpaka Mokowe kila wiki, au wa kutoa nazi kwenye shamba la mchanga, ningekwambia manyuali bila kusita. Klachi hufa polepole na hukupa habari: injini inalia kwenye gia ya nne na mwendo hauongezeki, pedali inashika juu kabisa, harufu ya kuungua inaingia ndani. Betri ikifa, watu wawili wanasukuma, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Otomatiki halisukumwi likawaka. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imelala hakuna presha ya kushika gia.

Na hata ungeitaka, leseni yako ni B1, na B1 ni ya otomatiki tu. Ya klachi ni B2. Nduguyo alifundishwa kwenye pikapu ya duka, wewe ukaambiwa ukae kaunta uangalie wateja. Basi, ukija likizo pikapu ipo na uwanja upo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba otomatiki huficha ugonjwa wake, na muuzaji anajua namna ya kuuficha zaidi. Magari madogo mengi yanayotoka Japani siku hizi ni CVT. Ndani yake kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, na mafuta yake yametengenezwa yaulainishe mkanda bila kuuacha uteleze. Mtu akitia ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, humo, mkanda unateleza, puli zinachubuka, unga wa chuma unaingia kwenye vali, giaboksi imekwisha. Nissan za CVT hutaka NS-2 au NS-3 kulingana na gari, Honda HCF-2 au HMMF kwa za zamani, Toyota TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye. Otomatiki ya kawaida ya Toyota, isiyo CVT, hutaka T-IV au WS. Ile chupa iliyoandikwa kuwa inafaa magari yote naiuza kwa sababu watu wanaiulizia; kwenye gari lako usiitie. Muulize mwenye gari mara ya mwisho alitia mafuta gani. Akikwambia mafuta ya giaboksi hayabadilishwi, umeshapata jibu. Ukiweza kupata otomatiki ya kawaida, hata likiwa na umri zaidi kidogo, moyo wangu utatulia.

Sasa sikiliza. Likiwa baridi, liwashe, ngoja mlio wa injini utulie, kanyaga breki, toa P ya kuegesha tia R ya kurudi nyuma. Hesabu. Sekunde moja liwe limeshika. Zikipita mbili, kisha likashtuka kwa kishindo, presha inachelewa kupanda: mafuta pungufu au sili zimekauka. Rudia kwa D, ya kwenda mbele. Ndiyo maana nakwambia boneti iwe baridi, kwa sababu likishapashwa moto kuchelewa huku mara nyingi hukuoni. Likivuka hapo usitoe pesa bado. Liendeshe dakika 40, pita kwenye msongamano na kwenye kilima, maana mafuta yakipata moto huwa mepesi na uvujaji wa ndani hujitokeza. Muuzaji akiwasha redio, izime. Kati ya mwendo wa 40 na 60 kanyaga mafuta kidogo kidogo: CVT mbovu hutetemeka kama linapita kwenye matuta madogo, au hulia mluzi unaopanda pamoja na mwendo.

Likiwa na kijiti cha kupimia, Toyota nyingi hupimwa injini ikinguruma, mafuta ya moto, mahali tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda hupimwa baada ya kuzima injini. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. ATF nzuri ni nyekundu na husambaa safi. Ikiwa kahawia, ina harufu ya kuungua na imeacha chembe katikati, ondoka. Ikiwa ya waridi yenye povu kama faluda, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta iliyopasuka ndani. Ondoka pia, usisikilize habari ya kupunguziwa bei. CVT nyingi hazina kijiti, kwa hiyo hizo zisomwe kwa mashine ya kompyuta na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji.

Ukishalinunua, mafuta yabadilishwe kila kilomita 40,000, msongamano wa Mombasa na joto letu hili havisamehe. Fundi akifungua nati hayatoki yote, nusu au zaidi hubaki ndani, mengi yake kwenye konveta inayounga injini na giaboksi, basi apime yaliyotoka kwa chupa na arudishe kiasi kile kile. Hapo ndipo wengi huharibu: wanajaza lita walizosikia, yanazidi, yanatoa povu. Gari lisimame kabisa kabla ya kutia R. Kwenye mteremko vuta breki ya mkono kwanza ndiyo utie P, usiliache lininginie kwenye kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga giaboksi likiwa P. Na likikufia njiani usikubali lifungwe kamba livutwe mpaka Kilifi. Magurudumu yanayozungushwa na injini, ambayo kwa magari madogo mengi ni ya mbele, yanyanyuliwe, au lipandishwe juu ya lori; likivutwa chini giaboksi inazunguka bila mafuta.

Kazi umeipata kwa kichwa chako mwenyewe, na watu wakiniuliza hapa najibu kwa sauti. Ndiyo maana inaniuma ukitaka kumaliza jambo la gari kwa siku moja kwa sababu rangi imekupendeza. Rangi! Jumamosi, alfajiri, boneti baridi. Ukiwahi kulala Ijumaa utaamka.

Bibi yako anakusalimu, dawa ya presha anaimeza sasa bila kugombana. Pampu ya kisima imeanza tena kuvuta hewa, nadhani ni ile vali ya chini, nitamtuma mtu kesho aitoe. Makuti ya jikoni hayatavuka mvua hii, nduguyo ameahidi na unamjua. Sufuria kubwa uliyoichukua kwenye arusi bado ipo kwako, na shangazi yako ana shughuli mwezi ujao, basi itie kwenye basi la Ijumaa, mfuniko nao usiusahau.

Mamako