Gharama ya kuhamisha maktaba za grafiki ina sababu

Ndugu Mhariri,

Ofisi za upimaji ardhi hapa Mbeya huuliza kwa nini kampuni za programu zitoze fedha kuhamisha maktaba kongwe za grafiki, yaani misimbo ambayo programu huitumia kuchora picha, wakati ramani kwenye kioo ni ile ile. Ni kweli, ramani haibadiliki. Kinachobadilika ni msingi wake.

OpenGL, mojawapo ya maktaba hizo, ilitoka mwaka 1992, na toleo lake la 4.6 ni la 2017. Kwenye kompyuta zake Apple iliishia 4.1, kisha mwaka 2018 ikatangaza kuachana nayo. Programu bado zinawaka, ila zimeegemea ukuta usiokarabatiwa. Kuandika upya hesabu za mipaka ya viwanja zilizohakikiwa kwa miaka ni hatari kubwa zaidi, ndiyo maana uchoraji pekee huhamishiwa maktaba mpya zaidi, Vulkan au Metal.

Hapo ndipo jasho linapotoka. OpenGL hupima kina, yaani umbali wa kitu kutoka kwa mtazamaji, kuanzia -1 hadi 1, wenzake 0 hadi 1. Usiporekebisha matriksi (jedwali la namba linalopanga vitu kwenye kioo), vitu vya karibu hukatwa. Katika Vulkan mhimili wa Y huelekea chini, hivyo ramani hupinduka. Ipo programu ya ANGLE, inayotafsiri OpenGL ES (OpenGL iliyopunguzwa kwa ajili ya simu na vifaa vidogo) kwenda maktaba hizo mpya, lakini uchoraji wa zamani wa nukta moja moja, ambao OpenGL ES haina, lazima uondolewe kwanza.

Mteja asilipe malipo ya mwisho kabla faili zake mwenyewe hazijafunguliwa kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote ofisini, picha za kabla na baada zikilinganishwa.

Watengenezaji programu,
Mbeya