Kwa wanakikundi: mahali pa kupata tiba ya uraibu Dar es Salaam

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa wengi mmeniuliza faraghani pa kumpeleka kijana anayetumia heroini, nawajulisha kwamba kliniki za methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, zipo Muhimbili, zilikoanzia mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke, ambako dawa hutolewa bure na mgonjwa huinywa kila siku dirishani mbele ya mhudumu. Pangeni nauli mapema. Wengi hukwama hapo.

Methadoni haitibu ulevi wa pombe. Aliyezoea kunywa kila siku asifungiwe chumbani ili aache ghafla, kwani anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege. Apelekwe hospitali kwanza, na nyumba ya upataji nafuu, yaani makazi ya wanaoacha ulevi (sober house), ifuate baadaye. Kabla ya kuilipia nyumba hiyo, ombeni kuoneshwa cheti cha usajili na vyumba wanavyolala wakazi wake.