Trela ni rahisi, gari je?

Mhariri,

Wanaosema maisha ya shamba huku Mississippi ni nafuu wamesahau gari. Ni kweli, kwenye kaunti yetu ndogo nalipa kodi ya dola 550 kwa nyumba ya trela, yaani nyumba ya kuhamishika. Kwa bei hiyo jijini Atlanta sijui ningepata hata chumba. Lakini mabasi ya abiria hakuna. Kiwanda cha kuku ninakokata minofu kiko maili 31, na gari langu bovu linakula petroli, bima na tairi kuliko kodi yenyewe. Januari upepo wa baridi ulipenya chini ya sakafu, bili ya umeme wa kupasha nyumba joto ikafika dola 290! Kima cha chini cha mshahara hapa ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Mwenye nyumba, yeye, hupandisha kodi kila mwaka.

Mkata minofu,
Mississippi, Marekani