Mtoto mwenye homa si lazima atundikiwe dripu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu wa wagonjwa, na wauguzi wenzangu pia. Mimi ni muuguzi mkoani Tanga, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mingi ya miaka hiyo nimekaa chumba cha dharura cha watoto.

Wiki mbili zilizopita, usiku, aliletwa mtoto wa miaka miwili, mwili unawaka, degedege limemshika njiani kwenye bodaboda. Tukampa oksijeni, tukampima sukari na malaria, sindano ikaingia. Bibi yake akasimama mlangoni: "Nesi, saa nzima mtoto hajatundikiwa hata dripu moja! Au mpaka tutoe kitu kidogo?" Hilo la kitu kidogo liliniuma, lakini simlaumu. Huku kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu huhesabiwa hajatibiwa.

Na tuliowazoesha ni sisi. Nilipoanza kazi, mtoto akifika amelegea, mikono ya baridi, tulifungua dripu ikimbie tukiamini tunamwokoa. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza kwa watoto 3,141 wenye homa kali ambao damu haikuwa ikizunguka vizuri mwilini. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: katika kila 100, kama 10 au 11 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Siku nilipoelezwa hayo nilimkumbuka mtoto mmoja niliyemfungulia dripu kwa mkono wangu, akaanza kuhema kama aliyetoka mbio. Sitaendelea.

Anayeharisha mpaka macho yamezama ni habari nyingine, huyo maji anayahitaji na utafiti ule haukumhusu. Hapo ndipo wengi huchanganya.

Wenzangu, bado naona chupa ya mililita 500 juu ya mtoto wa kilo 9, imeachwa wazi, nesi kakimbilia kitanda kingine. Najua usiku mko wawili. Lakini kituo kimoja nilichofanyia kazi, mizani ya watoto ilifungiwa chumba cha kliniki, ufunguo anao mama wa chanjo, naye kashaenda kwake. Kilo tukakisia kwa macho! Mizani ikae mlango wa dharura. Na kwenye chupa bandikeni kipande cha plasta, muandike kilo za mtoto, kiasi cha maji na saa mliyoanza, ili hata anayeingia zamu aone. Ndugu nao wasome, waulize.

Yule bibi nilimwita ndani, tukahesabu pumzi za mjukuu wake dakika nzima kwa saa ya ukutani. Asubuhi mtoto akanywa uji. Bibi akanigeukia: "Haya, na dripu yake mtaitundika lini?"

Muuguzi,
Tanga